Lugha Mbili katika Kichwa Kimoja

Katika darasa la sita nililopewa mwaka mmoja alikuwamo msichana atokaye milimani Umatengo. Katika likizo ya mwezi wa Juni alikuwa akienda kwa bibi yake kuchuma kahawa, na huko, tangu macheo hata machweo, hakusikia ila Kimatengo. Aliporudi darasani, nami nikamwuliza swali kwa Kiswahili, alinyamaza kwanza kama mtu apapasaye kiberiti gizani. Kisha akajibu, na jibu lake likawa sahihi, na maneno yaliyofuata yakatiririka pasipo kukwama. Lakini wenzake hawakungoja maneno yaliyofuata. Walicheka katika kile kimya cha kwanza.

Nalipofungua taarifa yake ya mwaka uliotangulia, niliona mwalimu mmoja ameandika kwa wino mwekundu: "Mzito wa akili." Baba yake alikuwa amekwisha kuisoma, naye alikuwa akifikiri kumwondoa shuleni akamsaidie mama yake shambani. Basi neno lile halikuwa neno dogo. Katika somo hili nataka kuwaeleza kimya kile kilikuwa nini, maana kila mmoja wenu anacho, ijapokuwa cha mwingine ni kifupi hata hakisikiki.

Ninyi mkaao Kitai mwajua jinsi mahali hapa palivyo. Barabara kuu itokayo Songea yapita hapa kwenda Mbinga, na njia nyingine yachepuka kushuka Lituhi, penye Ziwa Nyasa. Upande wa Songea wako Wangoni, upande wa milima wako Wamatengo, na watu wapandao kutoka ziwani huja na samaki wao na lugha zao, Kimanda na Kimpoto. Madereva wa malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka hunena Kiswahili tu, na wakubwa zenu walioko sekondari hurudi jioni na vitabu vya Kiingereza. Mtoto wa hapa afikapo umri wa miaka 10 amekwisha kuzisikia lugha tatu au nne. Hakuna mtu aliyemketisha chini na kumfundisha wakati gani atumie ipi, na hata hivyo hakosei mara nyingi. Jambo hili ni la kustaajabisha, walakini kwa kuwa twaliona kila siku hatulistaajabii.

Siku moja nalisimama penye mizani ya kahawa. Mzee mmoja alikuwa akizungumza na rafiki yake kwa Kimatengo, habari ya ng'ombe aliyepotea. Karani akataja uzito wa gunia. Mzee akamgeukia, akabishana naye kwa Kiswahili kizuri juu ya kilo na shilingi, asikwame hata mara moja. Walipokwisha kupatana akamgeukia rafiki yake aendelee na habari ya ng'ombe, na hapo maneno ya kwanza yakamtoka kwa Kiswahili. Akasita, akacheka, akajipiga kifua, akaanza upya kwa Kimatengo.

Angalieni vema lililotokea. Mzee huyu alizaliwa katika Kimatengo, na Kiswahili alijifunza baadaye. Tungedhani kwamba angekwama alipoingia katika lugha ya pili. Kumbe hakukwama alipokuwa akitoka nyumbani. Alikwama alipokuwa akirudi. Shikeni jambo hili, nasi tutalirudia.

Watu wengi hudhani kwamba akili ya mtu ajuaye lugha mbili ni kama nyumba yenye vyumba viwili na taa moja. Akiingia chumba cha Kiswahili huichukua taa, na chumba cha Kimatengo hubaki gizani, hakuna kitu kinachotikisika humo. Wataalamu waliopima jambo hili wameona kuwa sivyo. Lugha zote mbili huwa macho wakati wote, hata ile isiyotumika.

Waweza kulionja jambo hili mwenyewe. Neno la Kiingereza la kahawa hutamkwa karibu sawa na neno letu kofi. Mtoto aliyeanza Kiingereza, akisikia mwalimu akilitaja neno lile katika sentensi ya Kiingereza, hutabasamu kabla hajajua kwa nini. Na aliye karibu na mwalimu hurudisha shavu nyuma. Hakutaka kukifikiri Kiswahili. Kiswahili kilisikia jina lake, kikainua kichwa chenyewe.

Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian, wataalamu wa Marekani, walilipima jambo hilo kwa kuyatazama macho ya watu. Waliwachukua watu wajuao Kirusi na Kiingereza, wakawawekea mezani vitu mbalimbali, wakawaambia kwa Kirusi wakitwae kimoja. Stempu ya barua kwa Kirusi huitwa marka, na mezani ilikuwapo pia kalamu nene ambayo jina lake la Kiingereza huanza kwa sauti hizo hizo. Mtu alipoambiwa atwae stempu, macho yake mara nyingi yaliruka kwanza kuitazama ile kalamu, kisha yakaenda kwenye stempu. Kinywani palikuwa na Kirusi peke yake, lakini ndani Kiingereza nacho kilikuwa kikisikiliza.

Basi, ikiwa lugha zote mbili ziko macho, kwa nini hatusemi zote mbili kwa pamoja, neno la hii na neno la ile, kama uji uliochanganyika na mchanga? David Green, mwanachuoni wa London, aliandika mwaka 1998 kwamba akili haifanyi kazi ya kuiamsha lugha itakiwayo tu, bali hufanya na kazi ya kuizuia ile isiyotakiwa. Nitawapa mfano wa nyumbani ili mlielewe neno lake.

Mtu mmoja ana fahali wawili, kila mmoja katika zizi lake. Mmoja ni mkubwa mwenye nguvu, mwingine ni mdogo. Mlango wa yule mdogo huzuiwa kwa gogo moja, na hilo lamtosha. Mlango wa yule mkubwa huhitaji magogo matatu, la sivyo ataruka nje. Sasa mwenye mifugo akitaka kumtoa fahali mdogo, sharti kwanza ahakikishe mkubwa amefungiwa barabara, magogo yote matatu mahali pake. Na akitaka baadaye kumtoa mkubwa, itampasa kuyaondoa magogo matatu moja moja, na kazi hiyo yataka muda. Fahali mkubwa ni lugha uliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Fahali mdogo ni lugha uliyojifunza baadaye. Yule mzee wa mizani, ili aseme Kiswahili na karani, alikuwa amekifungia Kimatengo chake kwa magogo matatu. Na alipomgeukia rafiki yake, gogo moja lilikuwa lingali mlangoni.

Renata Meuter na Alan Allport walipima jambo hili, nao wakaandika habari zake mwaka 1999. Walitumia tarakimu zilizoonyeshwa moja moja mbele ya mtu. Rangi iliyokuwa nyuma ya tarakimu ndiyo iliyomwambia aitaje kwa lugha gani. Rangi ilipobadilika, mtu alichelewa kidogo, yapata sehemu ya kumi ya sekunde. Wala ucheleweshaji haukuwa sawa pande zote mbili. Aliyekuwa akirudi katika lugha yake yenye nguvu alichelewa zaidi kuliko alipokuwa akiingia katika lugha dhaifu. Mzee wetu wa kahawa angeweza kuwaambia hayo bila mashine yo yote.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Albert Costa na Mikel Santesteban walipima watu wa Barcelona, mji wa Hispania, ambako wengi hukua na Kikatalani na Kihispania pamoja tangu utoto. Kwa watu hao walioziweza lugha zote mbili sawasawa, kwenda na kurudi kulichukua muda ule ule. Fahali wawili wakilingana, magogo nayo hulingana. Si wataalamu wote waukubalio mfano wa kuzuia. Wako walielezao jambo hili kwa njia nyingine. Mimi nimeuchagua kwa sababu waeleza vema niyaonayo darasani.

Sasa jaribuni wenyewe. Kitai hatuna mashine za Oxford, lakini tuna majani. Kusanyeni majani mabichi na majani makavu, mapana kiasi cha kiganja. Chukueni vikaratasi sita, mchore picha moja katika kila kimoja: nyumba, jembe, kuku, mtungi, jiko, mlima. Msitumie tarakimu, kwa maana watoto wengi wa siku hizi huhesabu kwa Kiswahili hata wanenapo lugha ya nyumbani, na hesabu ile itawadanganya. Mmoja wenu aonyeshe picha juu ya jani. Jani likiwa bichi, taja kitu hicho kwa Kiswahili. Likiwa kavu, kitaje kwa lugha ya kwenu. Mwenzako mwingine apige makofi polepole kwa mapigo yaliyo sawa, ayahesabu. Kwanza pitieni picha zote sita mara tatu kwa majani mabichi tu. Kisha mara tatu kwa majani makavu tu. Kisha yachanganyeni majani pasipo utaratibu. Mtaona hesabu ya makofi yaongezeka, na mtasikia vicheko. Tazameni sana picha ile ijayo mara tu baada ya jani kubadilika, maana hapo ndipo mtu humwita kuku jembe.

Labda mtaniuliza: katika maisha hakuna majani, basi ni nani atuambiaye tubadili lugha? Majani yapo. Uso wa bibi ni jani kavu; kengele ya shule ni jani bichi. Mtoto mdogo wa miaka mitatu humwambia bibi neno moja kwa Kingoni, akageuka kumwambia dereva neno lile lile kwa Kiswahili, naye hajui hata kwamba hizo huitwa lugha mbili. Anajua tu kwamba watu hawa husemeshwa hivi na watu wale husemeshwa vile. Mahali, sura, mavazi, hata harufu ya moshi wa jikoni huyaondoa magogo ya mlango mmoja na kuyapandisha ya mlango mwingine. Tena maumivu. Nitawaeleza habari hiyo mbele kidogo.

Kuna nyakati nyingine ambapo mtu huiacha milango yote miwili wazi kwa hiari yake. Hapo husikia watu wakichanganya lugha katika sentensi moja, na wazee hunung'unika kwamba vijana wameharibika. Mimi nami hunung'unika, nakiri. Lakini mchanganyiko huo una sheria zake. Carol Myers-Scotton, mwanaisimu wa Marekani, alisikiliza mazungumzo ya watu wa Nairobi, na mwaka 1993 akatoa vitabu viwili juu ya jambo hili. Aliona kwamba katika sentensi iliyochanganyika lugha moja huwa mwenye nyumba na nyingine mgeni. Mwenye nyumba ndiye apangaye viti. Chukueni neno "amefeli." Kiini chake ni cha Kiingereza, lakini nguo zote ni za Kiswahili: a- ya mtendaji, -me- ya wakati. Hatusikii mtu akiitwaa -me- yetu na kuibandika katikati ya sentensi ya Kiingereza. Hata yule asemaye ovyo, akili yake haisemi ovyo.

Tena mara nyingine mgeni huitwa kwa sababu mwenye nyumba hana kitu kile. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki. Nyasi hulazwa chini, zikafunikwa kwa udongo, na mimea hupandwa juu ya kingo za mashimo hayo. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuukokota udongo mpaka bondeni. Kilimo hicho huitwa ngolo. Mtoto aandikaye insha ya Kiswahili juu ya shamba la babu yake akaandika "ngolo," msimkate kwa wino mwekundu. Mkimlazimisha aandike "mashimo," msomaji wa Tanga atadhani babu yule achimba choo.

Sasa niseme kidogo juu ya ubongo wenyewe. Lugha mbili hazikai katika sehemu mbili zilizotengwa. Kwa sehemu kubwa hukaa pamoja. Lakini kazi ya kuzuia na kufungua huwa na watumishi wake. Baadhi yao wako mbele, nyuma ya paji la uso. Mwingine ni kiini kidogo kilichomo ndani sana, kilichopinda kama mkia. Kwa sababu hiyo kikaitwa kaudeti, yaani chenye mkia. Mwaka 2006 Jenny Crinion na wenzake wa London waliwapima watu wajuao Kijerumani na Kiingereza, na wengine wajuao Kijapani na Kiingereza, wakaona kwamba kaudeti ya upande wa kushoto huguswa lugha ibadilikapo. Miaka sita kabla ya hapo matabibu wa Italia walikuwa wameandika habari za mgonjwa aliyejua Kiarmenia, Kiingereza na Kiitalia. Damu ilivuja katika ubongo wake karibu na kiini hicho. Tangu hapo alianza sentensi kwa lugha moja, ikamponyoka, akajikuta katika nyingine pasipo kutaka. Mlinda mlango alikuwa ameumia, na fahali wakatoka wapendavyo.

Zamani zaidi, mwaka 1895, tabibu Albert Pitres wa Bordeaux, huko Ufaransa, aliandika juu ya wagonjwa waliopotewa na maneno baada ya ubongo kudhurika. Wale waliokuwa na lugha nyingi mara nyingi walirudiwa kwanza na ile waliyoizoea zaidi. Nawaelezeni haya kwa sababu ya babu na bibi zenu. Mzee aliyepatwa na kiharusi aweza kulala hospitalini akamjibu mwuguzi kwa Kingoni kila aulizwapo kwa Kiswahili. Si ukaidi. Pengine huo ndio mlango pekee ufunguliwao kwake kwa siku zile. Mjukuu akiwapo kando ya kitanda, na asimame awe mkalimani.

Na kazi ya mkalimani msiidharau. Huyo hutakiwa kusikiliza kwa lugha moja na kusema kwa nyingine kwa wakati mmoja, asiifunge kabisa hii wala asiiachie ile. Katika mikutano ya Umoja wa Mataifa wakalimani hukaa wawili wawili, na hupokezana yapata kila nusu saa, kwa sababu akili huchoka upesi. Katekista afasiriye mahubiri Jumapili nzima peke yake anastahili maji ya kunywa. Wako wataalamu waliosema kwamba kazi hii ya kufunga na kufungua huinoa akili hata katika mambo mengine. Wengine wakapima wasione tofauti. Nami simwahidi mtu.

Mpaka hapa nimenena juu ya mtu mmoja. Sasa tuwatazame Wangoni, jirani zetu, mwone yatokeayo kwa taifa zima mlango mmoja ukikaa miaka mingi pasipo kufunguliwa. Babu zao wa kwanza walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835. Zwangendaba alikufa Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakatawanyika. Baadhi yao wakaja nchi hii ya Songea, wakasimamisha dola mbili, Mshope na Njelu. Walikuja na lugha iliyo ndugu wa Kizulu. Lakini walikuwa wachache, na watu waliowateka au kuwatawala walikuwa wengi. Askari alinena lugha ya kusini mbele ya mkubwa wake, akarudi nyumbani akanena na mkewe lugha ya nchi. Yeye alikuwa na fahali wawili. Mtoto wake alisikia kwa mama lugha ya nchi usiku na mchana, na lugha ya kusini akaisikia barazani tu.

Mmisionari Cassian Spiss, mmoja wa Wabenedikto walioanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, aliwakuta watu wakiwa katikati ya mabadiliko hayo. Mwaka 1904 maandiko yake yalichapwa Ujerumani, nayo yalieleza lugha mbili: Kingoni, lugha iliyotoka kusini, na Kisutu, lugha ya wale waliotawaliwa. Mwaka uliofuata, akiwa askofu, aliuawa katika vita vya Maji Maji. Kadiri miaka ilivyopita, ile lugha ya kusini ikanyamaza katika nchi ya Songea. Lugha iitwayo Kingoni leo ni mrithi wa ile ya pili. Ya kwanza imeacha jina lake, na maneno machache kama nkosi, yaani mfalme. Mwanaisimu Deo Ngonyani ameyachunguza mabadiliko hayo. Nao Tove Rosendal na Gastor Mapunda waliandika mwaka 2014 juu ya maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Kingoni cha sasa, wakiuliza kama lugha hiyo nayo imo hatarini. Hakuna aliyeamuru lugha ya kusini ife. Kila mtu alichagua tu lugha nyepesi kwa mtu aliyekuwa mbele yake, na jioni ikapita, na nyingine ikapita.

Naliwaahidi habari ya maumivu. Katika shule moja niliyosoma mimi palikuwa na kibao chenye kamba. Mwanafunzi aliyeponyokwa na neno la lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lile lile. Asubuhi moja uji wa moto ulinimwagikia mguuni, nikalia kwa lugha ya mama yangu. Ni nani ajiunguzaye kisha akachagua lugha? Nikavaa kibao siku tatu. Siku hizo tatu sikujifunza Kiingereza zaidi. Nilijifunza kunyamaza, na kuwavizia wenzangu nyuma ya jiko. Wakubwa wale walifikiri wanatusaidia kumfunga fahali mkubwa. Lakini mtoto mwenye hofu hufunga milango yote miwili.

Nirudi sasa kwa msichana wangu. Mtasema, "Mwalimu, ulituambia mtu huchelewa sehemu ya kumi ya sekunde, lakini huyu alikaa kimya zaidi ya hapo." Mmesema kweli. Kile cha sehemu ya kumi ni cha mtu abadiliye lugha mara kwa mara kwa muda mfupi. Akae mwezi mzima katika lugha moja, ni jambo jingine. Mwaka 2009 Jared Linck na wenzake, watu wa Marekani, waliandika habari za wanafunzi wa lugha ya Kihispania waliokwenda kukaa Hispania. Walipoambiwa wataje kwa Kiingereza, lugha yao ya kuzaliwa, vitu vya aina moja kadiri wawezavyo kwa muda mfupi, walitaja vichache kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Hawakuwa wamekisahau Kiingereza. Kilikuwa kimefungiwa siku nyingi, na mlango usiofunguliwa siku nyingi huwa mzito. Ikiwa yaweza kuwa hivyo kwa lugha ya kuzaliwa, itakuwaje kwa lugha ya pili ya mtoto aliyetoka kuchuma kahawa kwa bibi yake tangu macheo hata machweo?

Wiki ile nilileta majani darasani. Waliomcheka wakaja mbele kwanza, maana ndio waliokuwa na haraka. Mmoja wao, kijana hodari wa hesabu, alitaja picha tatu vema, jani likabadilika, akauita mlima mtungi, kisha akasimama kinywa wazi mapigo manne. Hakuna aliyecheka sana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akingoja zamu yake. Msichana naye alikwama kama wengine, wala si zaidi.

Jioni nikaichukua taarifa yake. Sikuufuta wino mwekundu, kwa maana si wangu. Niliandika chini yake kwa wino wa buluu: "Hujibu kwa usahihi. Angojewe kidogo." Baba yake alipokuja aliyasoma maneno hayo mara mbili, kidole chake kikifuata mstari. Akaniuliza, "Mwalimu, hicho kidogo ni kiasi gani?"

Nikapiga makofi polepole, mara moja, mara mbili. "Ni hivyo tu?" akasema.

"Ni hivyo tu, baba."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwita binti yake kwa Kimatengo wakaenda zao. Jumatatu msichana alikuwapo darasani, katika dawati la pili karibu na dirisha.